Kazi safi, adabu hakuna: uzoefu wangu wa kuongezewa diski na kunakiliwa picha hapa Lamu

Anayetaka kujua tu kama yule fundi wa kompyuta wa mtaa wa Langoni anaijua kazi yake, jibu ni ndiyo, anaijua sana, na aweza kuacha kusoma hapa. Kompyuta yangu iliyokuwa ikinipa nafasi ya kupika chai kabla haijawaka, sasa yawaka papo hapo, nafasi imeongezeka, picha za miaka mingi zimetolewa kwenye diski ya nje iliyokuwa ikikata roho, nazo zimehamia mahali pa salama zikiwa na tarehe zake zote. Sitaeleza diski ni ya kampuni gani wala ina kasi gani, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye boksi na kila mwenye simu aweza kuyatafuta. Nimekaa kuandika kwa sababu ya jambo jingine lililotokea ndani ya duka lile, ambalo kila nikilikumbuka najikuta nimekunja uso hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mimi napiga picha za harusi za wanawake. Mwenyeji wa Lamu hahitaji kuelezwa maana yake, lakini kwa anayesoma kutoka mbali niseme kwamba ni singo, yaani kumsinga bi harusi kwa manukato, ni usiku wa hina, ni vugo, ngoma ya wanawake, na mwisho ni kupamba, ambapo bi harusi hukaa jukwaani na wanawake waliomzunguka wamevua mabuibui yao, wamevaa walivyopenda, wamejipamba na kucheza kwa raha zao kwa sababu hakuna mwanamume hata mmoja ukumbini. Mlangoni husimama mtu wa kukusanya simu. Kamera inayoruhusiwa ndani ni moja tu, nayo ni yangu, na wanaoniruhusu huniruhusu kwa sharti kwamba picha zile hazitaonwa na mwanamume asiye maharimu wa waliomo, yaani jamaa wa karibu wasiyeweza kuoana naye. Sharti hilo halijaandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kunitaka nitie sahihi, lakini ndilo linalonipa riziki yangu.

Picha hizo ni nzito. Kamera yangu huhifadhi kila picha mara mbili, moja ghafi, kama ilivyotoka kwenye kamera, na moja ya JPEG, iliyobanwa, na ile ghafi peke yake hufikia megabaiti 25 na kuzidi, hivyo harusi moja ya siku kadhaa hula makumi ya gigabaiti bila ya mtu kuhisi. Harusi zetu nazo huja kwa mafuriko, mwezi wa Mlisho kabla ya Ramadhani na Mfungo Mosi baada yake, na baina ya misimu hiyo miwili diski ya kompyuta ilikuwa imejaa hata mstari wake umekuwa mwekundu. Diski ya nje niliyokuwa nikiitegemea ikaanza kugonga kwa ndani, tik tik, na folda zikawa zafunguka kwa kusuasua. Kupandisha kila kitu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, sikuweza kukufikiria kwa bando ninalonunua, na zile enzi za Google Photos kupokea picha bila kikomo na bila malipo zilikwisha mwezi Juni 2021. Siku hizi ni gigabaiti 15 za bure, ambazo kwangu mimi hazimalizi harusi ya mtu mwenye jamaa wengi. Basi Mfungo Sita ulipokuwa ukingoni, Maulidi yamekwisha na wageni wamepungua, nikachukua vitu vyangu nikaenda Langoni.

Lazima nimpe haki yake. Kwanza alikataa kuongeza diski kabla ya kuokoa picha. Alisoma ripoti ya afya ya ile diski ya nje, akanionyesha kwamba sehemu zake zimeanza kuharibika, akasema kila dakika inayozunguka bure yaweza kuwa ya mwisho, kwa hiyo picha zitoke mwanzo na mambo ya kompyuta yafuate. Pili, hakuanza mpaka alipohakikisha kwamba betri yake ya akiba imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili, hasara yake huijui hadi siku unapoitafuta picha. Matundu ya kuchomekea yaliyokuwa yameanza kushika kutu ya chumvi, kama vinavyoshika vitu vyote vya chuma katika kisiwa hiki, aliyasafisha kwa spiriti bila ya kuombwa. Na nilipoiona diski mpya ya terabaiti moja ikionyesha gigabaiti 931, nikawa tayari kugombana naye kwamba nimeibiwa, alinieleza kwa upole kabisa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na nafasi ni ile ile. Nilijiambia nimepata fundi. Nilikwisha kuanza hata kuwafikiria jamaa nitakaowaelekeza kwake.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kumkabidhi diski nilikuwa nimeibandika karatasi niliyoandika kwa wino mweusi: Picha za wanawake, usifungue. Nikamwambia pia kwa mdomo, "Mwanangu, hizi ni za ndani. Zinakili folda kwa folda kama zilivyo, usifungue hata moja." Akajibu, "Sawa mama, hakuna neno." Nikakaa kwenye kiti nikimtazama hadi ilipoadhiniwa adhuhuri, nikaenda kuswali, na zile folda zilikuwa zahama zenyewe bila ya mtu kuzigusa.

Niliporudi, kwenye ile skrini kubwa iliyotundikwa ukutani, ambayo siku zote huonyesha bei za fotokopi na picha za pasipoti, nayo yaelekea mlangoni na mlango waelekea njiani, alikuwapo bi harusi wangu. Alikuwa jukwaani, nywele wazi, mabega wazi, piko mikononi, mzima kama alivyokuwa usiku ule. Kisha ikaja picha nyingine, na nyingine, kwa sababu fundi alikuwa amezifungua zijipitishe zenyewe huku yeye akila muhogo. Ndani walikuwamo wateja watatu wanne wa kiume wakingoja fotokopi, na nje barazani wengine. Mzee mmoja, Mungu amjazi kheri, alikuwa amegeuza uso akiangalia sakafu. Kijana mmoja yeye hakugeuza kitu, alinyoosha kidole na kuuliza, "Huyu si binti wa fulani?" na jina la fulani huyo akalitaja, wala hakukosea.

Nilivuta kebo ya skrini kwa mkono wangu. Nikamwuliza fundi ni nini hiki, naye akaniambia bila hata ya kusimama, "Mama, tulia. Lazima nihakikishe zinafunguka, nisije nikalaumiwa." Nikamkumbusha ile karatasi. Ndipo akacheka kidogo na kusema, mbele ya wale wote, "Lakini kama ni siri, mbona umezileta dukani?"

Neno hilo limenikaa kooni hadi leo. Kwa hesabu yake, kila anayeleta kitu kutengenezwa amekwisha kukitangaza, na mwanamke asiyetaka mwanawe aonekane na wapita njia aiache diski ife na picha zake. Mimi nililipia kazi ya kuhamisha mafaili. Kuyatazama hakukuwamo katika mapatano, na kuyatazamisha ndiko hata sijui nikuitie nini.

Na ule udhuru wa kuhakikisha hausimami hata kwa kipimo cha ufundi wenyewe, jambo linaloniudhi zaidi kwa sababu mtu aliyeweza kunieleza habari ya 931 na 1,024 hawezi kuwa halijui. Kufungua picha hamsini kati ya maelfu kunathibitisha hizo hamsini peke yake. Nakala huhakikiwa kwa kulinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili, na anayetaka yakini zaidi hutumia programu inayosoma kila faili na kutoa namba ndefu kutokana na yaliyomo. Faili likiharibika hata kwa chembe moja, namba hutoka nyingine. Windows yenyewe inayo amri ya kazi hiyo, inaitwa certutil, na haionyeshi picha yoyote. Hata ukitaka kupitia folda kwa macho, waweza kuziweka katika orodha ya majina tu, bila ya vile vijipicha. Njia zote hizi ni za uhakika kuliko yake, na zote zingefanyika ile skrini ya ukutani ikiwa imezimwa.

Nikadhani nimefika mwisho wa msiba, kumbe bado. Nilipotupia jicho kompyuta ya duka niliona folda yenye jina langu. Picha zangu zote, za harusi zote, zilikuwa zimepitishwa humo kwanza kabla ya kuingia diski mpya, na hapana shaka zingebaki humo baada ya mimi kuondoka. Akazifuta kwa kubofya mara moja na kuniambia, "Haya, zimekwenda." Nikampigia simu mpwa wangu aliye Mombasa, anayefanya kazi hizi, naye akanieleza kwamba kwenye diski ya kuzunguka faili lililofutwa huwa limefutiwa anwani tu, lenyewe hubaki mpaka jingine liandikwe juu yake, na programu za bure kama PhotoRec hulitoa bila taabu. Aliniambia nimtake fundi aendeshe amri ya cipher, ambayo pia imo ndani ya Windows, na ambayo hujaza nafasi yote tupu mara tatu, kwa sifuri, kisha kwa moja, kisha kwa namba za kubahatisha. Fundi alinung'unika kwamba ninamzuilia biashara. Sikuondoka. Nilikaa kwenye kile kiti, alasiri ikanipita kwa muda wake wa mwanzo, wateja wakija na kuambiwa mashine ina kazi, hadi amri ile ilipokwisha. Fedha zake nikamlipa kamili, bila ya kumpunguzia hata shilingi, ili asije akasema nilitafuta sababu.

Watu wawili niliowasimulia wameniambia kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yanihusu, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Lakini yule ni mgahawa wa mjini ulioweka picha mtandaoni, na huyu ni kijana wa kwetu aliyewasha skrini dukani. Nikienda kushtaki, nitalazimika kumtaja bi harusi, na kumtaja ndiko kule kule nilikokukimbia. Sitakwenda.

Wakati fulani, nikiwa nimetulia, husema labda nimekuwa mkali mno. Kijana ana mikono mizuri, yumkini hakukusudia ubaya, na kisiwani hapa mafundi wa kiwango chake hawajazagaa; nikimwacha yeye nitavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Malindi au Mombasa huku nimepakata diski mapajani. Nikifika hapo hukaribia kumsamehe. Kisha hukumbuka ile safari yangu ya kwenda mtaa wa Mkomani, kwa mama wa bi harusi.

Kwani nililazimika kwenda. Kijana yule wa dukani alikuwa amemtambua binti, na Lamu habari haichelewi, kwa hiyo niliona ni heri mama yake aisikie kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza, akaniuliza jambo moja tu, "Walimwona na ile nguo ya kijani?" Nikamjibu ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa adabu zake zote, "Bibi, sina kinyongo nawe, lakini picha za mwanangu niletee zote, usibakishe."

Wapiga picha huambiwa wawe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kanuni hiyo ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, nami mwaka huu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeitimiza. Harusi ile nilikuwa nayo kwenye kompyuta, kwenye diski mpya, na kwenye diski ya tatu kwa dada yangu Shela. Nimezikusanya zote tatu, nikampelekea mwenyewe zile picha, kisha nikafuta kwangu kila mahali. Ndiyo kazi bora niliyoifanya msimu uliopita, na siwezi kumwonyesha mteja mpya hata ukurasa wake mmoja. Tangu hapo familia mbili zilizokuwa zimenipa ahadi zimeniambia watanijulisha, na hawajanijulisha.

Juzi fundi alinitumia ujumbe. Nilidhani ni radhi. Ulikuwa unaniuliza kama kompyuta yaenda vizuri, na kuniomba nimwelekezee wateja.

Basi nawaelekeza. Mwenye picha za mashua, za nyumba za kupangisha, za punda na za mandhari ya pwani, na aende, hatajuta, kazi ni ya nyota tano. Mwenye picha za wanawake wa nyumbani kwake asiende, na akilazimika aende na mtu wa kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho, wapokezane kwenda kuswali, na folda atakayoikuta kwenye kompyuta ya duka asikubali ifutwe kwa kubofya. Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa nyota tatu, mbili zilizopungua zikiwa za ulimi wake. Sasa nimeyasoma niliyoyaandika, nampa moja, na itabaki moja hadi nitakapopita nikaona ile skrini imegeuzwa isielekee njiani.