Chungu cha umeme cha kupika polepole, lita 6: bega la nguruwe linalainika, ukoko utautafuta kwingine

Ukitaka nyama ya nguruwe ya kunyambua, ile inayoachia mfupa kwa kuguswa tu na uma, chungu hiki hakitakuangusha. Ukitaka na ukoko wa kahawia juu yake, huo hakina. Ndani ya mfuniko kuna mvuke mtupu, na hakuna nyama inayokauka juu ikiwa kwenye mvuke.

Muundo wake ni sahili: bakuli zito la kauri linalochomoka, mfuniko wa kioo, na swichi ya kuzungusha yenye hatua tatu: moto mdogo, moto mkubwa na kutunza joto. Wengi hudhani moto mkubwa hufikisha joto la juu zaidi. Katika vyungu vingi vya aina hii sivyo: hatua zote mbili za kupikia huishia karibu na kiwango cha kuchemka, ila moto mkubwa hufika mapema. Bega la kilo 2 huchukua saa 8 hadi 10 kwa moto mdogo, au 5 hadi 6 kwa moto mkubwa. Chagua moto mdogo kama muda upo, maana nyama inapopanda joto taratibu, ule ugumu wa ndani hupata nafasi ya kuyeyuka kabla nyuzi hazijakamuliwa maji yote.

Ugumu wenyewe ni kolajeni, ule utando mweupe unaofunga nyuzi za nyama. Huanza kugeuka jelatini kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na kazi hushika kasi joto likizidi 80. Nyama ya nguruwe isiyosagwa ni salama kuliwa ikifika 63 na kupumzishwa dakika chache, lakini kwa 63 bega halinyambuliki hata kidogo. Chomeka kipimajoto katikati, mbali na mfupa. Unatafuta 93 hadi 95. Hapa ndipo wapishi wengi hupotea. Kwenye saa ya tano wanaichoma nyama kwa uma, wanaikuta ngumu, wanasema imepitiliza na kuzima. Haijapitiliza, haijaiva. Iongezewe saa moja, kisha ijaribiwe tena kwa kuzungusha uma: nyuzi zikiachana bila kuvutwa, tayari.

Kipande nacho kina maneno yake. Nunua bega, likiwa na mfupa ni bora, lenye mishipa ya mafuta inayoonekana. Ngozi itoke, mafuta ya juu yabaki kama nusu sentimita. Nyama ya mgongoni ni nzuri kwa kukaanga, lakini haina kolajeni ya kutosha. Ukiiweka humu saa 8 utapata nyuzi kavu kama kamba ndani ya mchuzi mwingi, na hakuna chungu kitakachoiokoa.

Kwa kilo 2: chumvi gramu 25 hadi 30, vijiko vikubwa 2 vya paprika, kijiko kikubwa 1 cha sukari ya kahawia, na kijiko kidogo kimoja kimoja cha jira, pilipili manga na haradali ya unga. Paka pande zote, uiache kwenye friji usiku kucha ili chumvi iingie. Kata vitunguu 2 vinene, uvitandaze chini, nyama juu yake, upande wa mafuta ukiangalia juu. Kioevu ni mililita 120 tu, maji au supu isiyo na chumvi. Ndiyo, nusu kikombe. Nyama yenyewe itatoa maji mengi na mfuniko hauruhusu mvuke kutoka, kwa hiyo anayemimina vikombe vitatu anachemsha nyama, na ladha yote inabaki kwenye maji.

Je, uikaange kwanza ipate rangi? Inasaidia kidogo. Kama huna muda, ruka hatua hiyo, lakini usiruke ya mwisho, ambayo ndiyo inayotenganisha nyama tamu na nyama laini tu. Itoe, ifunike, ipumzike dakika 20 hadi 30. Chuja mchuzi, engua mafuta yaliyoelea, uuchemshe kwenye kikaango kipana mpaka mililita 600 zibaki 200 hivi. Sasa ndipo utie siki, vijiko vikubwa 2, kwa sababu siki iliyopikwa tangu asubuhi hupoteza harufu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana mchuzi ukipungua chumvi yake hukolea.

Nyambua kwa uma mbili iwe vipande vya unene wa kidole, ukitupa mabonge ya mafuta. Ukiendelea mpaka iwe kama pamba, itanyonya mchuzi wote na kugeuka uji. Changanya na nusu ya mchuzi, tandaza kwenye trei, uweke chini ya moto wa juu wa oveni dakika 4 au 5, mpaka ncha zianze kuwa nyeusi. Mchuzi uliobaki mimina mwishoni.

Dosari za chungu chenyewe ni chache ila zinakera. Kila ukifunua mfuniko unajiongezea dakika 20 au zaidi za kusubiri. Kauri haipendi mshtuko: bakuli lililotoka friji likiwekwa moja kwa moja kwenye kitako chenye moto linaweza kupasuka. Nyama iliyoganda isiingie humu, kwa kuwa itakaa muda mrefu mno kwenye joto ambalo bakteria hulipenda. Hatua ya kutunza joto haipiki wala haifai kupashia kiporo. Kisha kuna umeme kukatika: chungu cha swichi ya kuzungusha huendelea ukirudi, vingi vya kidijitali hubaki vimezima. Vyovyote viwavyo, kama hujui ulikatika kwa muda gani na nyama haikuwa imeiva, itupe.

Kabla ya kukiamini chungu kipya, au cha zamani ulichorithi, kijaze maji nusu, washa moto mdogo saa 8, funua na upime papo hapo. Kikionyesha 85 hadi 95, ni kizima. Chini ya 85, usikipikie nyama. Kikichemka kwa fujo, punguza saa zote nilizotaja.

Lita 6 zinatosha bega la kilo 2 hadi 2.5. Bakuli lijae kati ya nusu na theluthi mbili. Bega dogo la kilo 1 humu litaungua kingo, bora ununue cha lita 3.5. Kama pesa zinaruhusu, lipia chenye saa inayohamia yenyewe kwenye kutunza joto, kwa sababu bega lililoiva baada ya kupikwa saa 9 likiachwa mpaka zitimie saa 13 hunyambuka kabla hujalitoa, na mfupa utauvua vipande vipande kwenye mchuzi.