Uzoefu wangu na programu za likizo za maktaba za jamii hapa Tanga

Kwa misimu minne ya likizo ya Juni nimefuatilia programu za watoto katika maktaba tatu ndogo za jamii hapa mjini, mbili upande wa Ngamiani na moja Chumbageni. Majina sitayataja. Waendeshaji hubadilika mwaka hadi mwaka, na ninachotaka mzazi mwenzangu akijue ni mpangilio: upi unamfaa mtoto na upi unampotezea asubuhi yake.

Nikiulizwa swali moja tu la kuuliza pale mlangoni, ni hili: mtoto anaruhusiwa kuondoka na kitabu? Nyimbo, rangi na michezo ni vizuri, lakini mtoto akishinda maktaba saa mbili halafu akarudi nyumbani mikono mitupu, huko nyumbani hakuna kilichobadilika. Likizo ya Juni ni kama mwezi mzima, na mtoto wa darasa la pili asiyeshika kitabu mwezi mzima anarudi shuleni akisoma kwa kusitasita maneno aliyokuwa anayapita mwezi Mei.

Mbili kati ya hizo tatu haziazimishi. Sababu yao ni moja, kwamba vitabu vitapotea. Ile ya tatu inaazimisha, kitabu 1 kwa siku 7, na utaratibu wake hauna ugumu wowote. Kuna kaunta buku iliyopigwa mistari: jina la mtoto, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, simu ya mzazi. Nyuma ya jalada la kila kitabu kuna kijikaratasi kinachoandikwa tarehe ya kurudisha, ili mtoto mwenyewe aione. Mzazi anajaza fomu mara moja tu mwanzo wa msimu. Vinavyopotea kwa msimu ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tatizo lao kubwa lilikuwa vitabu kurudi bila kusomwa. Mama anakiona kitabu kizuri kwenye mkoba, anakiweka juu ya kabati kisichafuke, na siku ya saba kinarudi kisafi kama kilivyotoka. Walipogundua, wakaanza kuambatanisha kikaratasi cha mzazi chenye sentensi mbili: kitabu hiki ni cha kusomwa, kikichanika tutakishona, msikilize mtoto dakika kumi kila jioni. Baada ya hapo vitabu vikaanza kurudi na kona zilizokunjika, jambo ambalo kwangu ni dalili njema. Kwa kubebea, mshonee mtoto mfuko wa kipande cha kanga wenye kamba ya kuvuta. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kitabu kinachobebwa mkononi juu ya bodaboda hakichelewi kudondoka.

Kuchagua kitabu kunahitaji uangalizi. Wahudumu wengi hutumia kipimo cha vidole: mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, kila neno linalomshinda akunje kidole, vikifika vitano kitabu ni kigumu. Kwa vitabu vyetu vya wanaoanza, vyenye maneno kama ishirini kwa ukurasa, vitano ni vingi mno. Mimi naishia viwili. Tena kipimo hicho peke yake kinadanganya. Kiswahili hutamkwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kuupita ukurasa mzima bila kukwama na asijue kilichomo. Mfunikie kitabu, mwambie akusimulie. Akisimulia, kimemfaa. Akikutazama tu, teremka ngazi moja.

Moja ya programu hizo iliiga mpango wa Uingereza unaoitwa Summer Reading Challenge, ulioanza 1999 kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, ambao lengo lake ni vitabu 6 katika likizo ya kiangazi. Kule likizo hiyo ni kama wiki sita, yaani kitabu kimoja kwa wiki. Hapa waliichukua sita vilevile wakaibana ndani ya wiki nne. Matokeo yake watoto wakawa wanakimbizana na karatasi ya kubandikia nyota, wanachukua kitabu chembamba kuliko vyote, wanarudisha kesho yake. Kwa likizo yetu vitabu 4 vinatosha kabisa, na nyota ibandikwe mtoto akishasimulia, asipewe kwa kurudisha tu.

Kusoma kwa sauti ndiko kunakotofautisha programu nzuri na ya kujaza muda. Msomaji mmoja anawamudu watoto 12 hadi 15, wakikaa nusu duara juu ya mkeka, kitabu kikiwa ubavuni mwa uso wake na si mbele ya kifua, maana watoto hutazama kinywa na picha kwa pamoja. Wa miaka 3 hadi 5 wasomewe dakika kumi, wa miaka 6 hadi 8 kumi na tano, wakubwa zaidi ishirini. Kabla ya kugeuza ukurasa, msomaji aulize: unadhani atafanya nini sasa? Swali hilo moja linawarudisha hata waliokuwa wanavutana nguo nyuma. Nimeona pia kinyume chake, chumba kimoja, watoto kama sitini wa umri wote, kitabu kidogo chenye maandishi ya mchwa. Walio nyuma hawaoni kitu, wanaanza kusukumana, msomaji anapandisha sauti, na nusu saa nzima inaishia kwenye kunyamazishana. Ukikuta hali hiyo, omba watenganishwe kwa umri. Wasomaji wakiwa wachache, watoto wa darasa la tano na la sita wanaweza kuwasomea wadogo, na wao wenyewe hunufaika kuliko wanavyodhani.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo ni vichache kila mahali, na hapa ile ya Chumbageni imefanya kazi ninayoisifu bila kusita: inachapa vyake. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za watoto kwa Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa bure. Kitabu cha kurasa 16 za A5 kinatumia karatasi 4 tu za A4, zikichapwa pande zote na kukunjwa katikati. Kosa la kila mara liko kwenye stationari: mashine ikigeuza karatasi kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Mwambie mhudumu ageuze kwa upande mfupi, achape nakala moja, uikunje na kuikagua kabla hajaendelea na nyingine kumi. Jalada liwe la manila.

Usifunge kwa stepla. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini inashika kutu, inaacha doa la kahawia kwenye mkunjo, na karatasi inakatika palepale. Shona. Fungua kijitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Anzia ndani, toa sindano nje kupitia tundu la katikati, ukiacha mkia wa uzi kama urefu wa kidole. Ingia tundu la juu, shuka kwa ndani ukiliruka la katikati, toka tundu la chini, kisha rudi ndani kupitia la katikati. Sasa ncha zote mbili ziko ndani. Zifunge ukiubana ule uzi mrefu katikati yake. Tumia uzi mnene, ule wa kushonea viatu ukipatikana. Watoto wa miaka tisa kwenda juu wanaweza kushona wenyewe, na mtoto akishona kitabu chake hukitunza kuliko cha kupewa.

Gundi ya kazi za mikono wanapika wenyewe, jambo la busara kwa bei za gundi. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga, rudisha motoni dakika mbili au tatu izito kama uji. Wapike ya siku hiyo tu. Ya jana kwa joto hili inanuka, na kazi iliyobandikwa kwa gundi iliyochacha inaota ukungu ukutani.

Kuhusu saa. Watoto wengi hapa wana chuo, yaani madrasa, na wakubwa wana twisheni. Programu iliyowekwa alasiri inagombana na chuo na itashindwa, hata iwe nzuri namna gani. Iliyonifaa huanza saa 3:00 asubuhi na kumalizika saa 5:30, Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi kwa ajili ya familia nzima. Ijumaa waiache, mtoto anatakiwa nyumbani akoge na kujiandaa kwa sala. Wazazi wa Ngamiani walioulizwa kabla ratiba haijapangwa walisema hayo hayo, na mahali ambapo hawakuulizwa mikeka ilibaki mitupu wiki ya pili.

Jumamosi ya familia ndiyo ninayoipenda kuliko siku zote. Bibi mmoja wa mtaani anakaa kwenye kigoda, anaita "Paukwa!", na ukumbi mzima, akina baba waliosimama mlangoni na baiskeli zao wakiwemo, unaitika "Pakawa!" Vitendawili navyo vinawaunganisha wote: mtoto anasema "Kitendawili!", wanamjibu "Tega!", anatega, "Nyumba yangu haina mlango," na mdogo wake wa miaka minne anapaza sauti kuwahi, "Yai!" Wakipata mzee anayesimulia kwa Kidigo au Kibondei na kisha kwa Kiswahili, wasimwachie aondoke hivihivi. Mkubwa mmoja aandike hadithi hiyo, ichapwe na kushonwa kama vile vijitabu, iingie kwenye rafu. Nimeona ikifanyika mara moja tu, na kijitabu hicho kiliazimwa mfululizo.

Bao nalo lina nafasi yake. Bao la mashimo 32 linahitaji kete 64, na komwe ndizo bora kwa kuwa ni nzito na hazirukiruki. Kwa anayejifunza hesabu, kusambaza kete moja moja kwenye mashimo ni zoezi zuri kuliko karatasi nyingi za maswali. Ila zihesabiwe mchezo ukianza na ukiisha, na watoto wa chini ya miaka mitatu wakae mbali nazo, maana komwe inaenea vizuri kinywani na inaweza kumkaba.

Matembezi yalikuwa mawili. Makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, yanafaa watoto wa miaka saba na zaidi. Picha za zamani za mji zinawashika hasa wakipewa kazi, kwa mfano kutafuta jengo wanalolipita kila siku. Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, ni mazuri lakini yana utelezi na giza. Viatu viwe vya kufunga, ndala zibaki nyumbani. Tochi iwe moja kwa kila watoto watatu au wanne, na mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge msafara. Nilikuta safari yenye watu wazima wawili kwa watoto thelathini. Hiyo haitoshi, na mzazi ana haki ya kumzuia wake.

Yaliyonikera. Siku ya sinema kwenye ukumbi usio na mapazia: saa 4 asubuhi jua limejaa, projekta haionyeshi kitu, na umeme ulipokatika hakukuwa na mpango mwingine. Kila siku ya vifaa vya umeme iwe na kitabu cha akiba na msomaji aliye tayari. Kingine ni picha. Watoto wetu walipigwa picha na kurushwa mitandaoni bila mzazi kuulizwa. Kwenye fomu kuwe na mstari wa kukubali au kukataa. Kama haupo, uandike mwenyewe kwa kalamu na utie sahihi.

Chakula kiliwe nje, na mlangoni kuwe na ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Bajia na kachori huacha mafuta ambayo hayatoki kwenye karatasi, na kwa kuwa Juni machungwa ya Muheza yamejaa, vidole vya watoto vinanata kila wakati. Mpe mtoto chupa ya maji yenye mfuniko, penseli (kalamu ya wino hapana), na jina lake liandikwe kwenye mfuko.

Jiandikishe wiki moja kabla shule hazijafungwa, kwa sababu nafasi za kundi la miaka 6 hadi 8 ndizo huisha mapema. Na uliza tarehe ya mwisho ya kurudisha vitabu. Ile inayoazimisha huongeza wiki moja baada ya shule kufunguliwa, kaunta buku ikiwa wazi kila Jumamosi asubuhi, na anayerudisha kitabu anaruhusiwa kuchukua kingine.