Trust Wallet hapa Goma: waleti ni nzuri, lakini soma rezo mbele ya kutuma

Watu wananiandikia sana inbox wakiuliza waleti gani ya kripto watumie, yaani aplikasio ya kushika pesa ya mu intaneti, iko salama ao haiko, na juu maswali ni yale yale kila wiki nimeona afazali niandike yote hapa mara moja. Mi natumia Trust Wallet mu telefone ya Android, na koneksio ya hapa kwetu tunaijua, asubuhi iko, mchana haiko, na bado inafanya kazi vizuri. Jibu langu fupi: ni waleti nzuri, kwa mchuuzi wa kawaida sijaona ya kuipita kwa urahisi. Ila ule urahisi ndio unaangusha watu, nitaeleza namna gani.

Kwa nini sisi wa Goma tumejikuta mu hii mambo kila mtu anajua. Tangu banki zifunge milango mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, mtu ana dola zake ku konti lakini hawezi kuzigusa, anavuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kutafuta cash Gisenyi, upande wa Rwanda, ao anamkatia mtu wa Airtel Money asilimia ili apate pesa yake mwenyewe mkononi. Na ukiipata hiyo noti ikiwa imechanika kidogo tu pembeni, kambiste, mtu wa kubadilisha pesa, anakurudishia. Ndiyo maana USDT imependwa, hii dola ya kripto ya kampuni ya Tether yenye iko tangu 2014: haichaniki, inatoka kwa ndugu yuko Nairobi ao Ubelgiji na inafika ndani ya dakika chache, na muuza piesi za pikipiki anaweza kumlipa nayo mtu wa Guangzhou bila kuvuka mpaka wowote.

Trust Wallet yenyewe ilitengenezwa na Viktor Radchenko mwaka 2017, mwanzo ilikuwa kwa ajili ya Ethereum tu, halafu 2018 Binance ikainunua. Leo inabeba rezo zaidi ya 100, yaani blokcheini, yale madaftari ya mu intaneti yenye yanaandika nani ana pesa gani, zaidi ya 100 mu aplikasio moja: Bitcoin, Ethereum, Tron, BNB Smart Chain, Solana na zingine nyingi ambazo hatutazigusa maisha yetu yote. Haikuombi karte delekteri wala kitambulisho kingine, wala email, wala namba ya telefone. Unaifungua, inakupa maneno 12, umeishakuwa na waleti. Pesa haikai kwa kampuni, inakaa ku blokcheini, na yale maneno ndiyo ufunguo wake. Hii ni raha lakini pia ni kazi, juu hakuna ofisi utaenda kulalamika, hakuna bosi wa kurudisha pesa nyuma.

Sasa tuje ku rezo, juu hapa ndipo watu wanalia. Ukifungua Trust Wallet unaweza kuona USDT mara tatu, moja chini ya nyingine, alama ni ile ile ya kijani, jina ni lile lile. Lakini moja iko Tron, moja iko BNB Smart Chain, moja iko Ethereum. Chukua mfano wa M-Pesa na Airtel Money, zote zinabeba dola ile ile lakini kila moja ina njia yake na huchanganyi namba. Kwenye Trust Wallet kinachotofautisha ni kalogo kadogo sana pembeni ya ile alama kubwa, ya Tron ni nyekundu, ya BNB ni njano, na mu telefone ya bei ya chini yenye kioo kimepasuka hako kalogo hata hakaonekani vizuri. Kwangu hili ndilo kosa kubwa la waleti yote, jina la rezo lingeandikwa kwa herufi kubwa kuliko kiasi cha pesa.

Kuna mama mmoja anauza bitenge Birere, mdogo wake wa Nairobi alimwomba adresi, ile namba ndefu ya waleti, ili amtumie pesa. Mama akafungua sehemu ya kupokea, akashika USDT ya kwanza aliyoona, akakopi, akatuma. Mdogo wake akajibu: «Yaya, hii inaanza na 0x, mi niko na ya Tron, nipe yenye inaanza na T.» Mama akanipa telefone nimsaidie, nikamwonyesha kalogo kekundu. «Kumbe haka kadogo ndiko kanasema yote?» «Ndiyo mama, kaangalie mbele ya kuangalia pesa.» Pale walikuwa na bahati juu yule mdogo anajua kazi.

Adresi ya Tron inaanza na T na ina herufi 34. Ya Ethereum inaanza na 0x na kwa jumla ni herufi 42. Ukijaribu kutuma USDT ya Tron kwa adresi ya 0x waleti yenyewe inakataa, kwa hiyo pale hakuna hatari. Hatari iko kati ya zile zenye zinafanana: Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, zote zinatumia adresi moja ile ile ya 0x. Ukituma kwa rezo isiyo yenyewe na mpokeaji ana Trust Wallet kama wewe, usilie, pesa iko pale pale, awashe tu ile rezo kwake itaonekana juu ufunguo ni mmoja. Lakini ukiwa umetuma kwa adresi ya kuweka pesa ya soko la kripto, na lile soko halipokei rezo ile, hapo ufunguo wanao wao na wewe uko mikononi mwao, wengine wanarudisha kwa malipo, wengine hawarudishi kabisa. Kwa hiyo tuma dola 5 kwanza, mwache mwenzako aseme imefika, ndipo utume zingine. Najua watu wanaona ni kupoteza ada mara mbili, ila ku Tron adresi ambayo haijawahi kushika USDT inalipisha karibu mara mbili kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ile dola 5 ndiyo inabeba ada kubwa na mzigo wenyewe unaenda kwa ada ndogo.

Na ada yenyewe hailipwi kwa USDT. Mtu ana USDT 300 ku Tron, TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ni sifuri, anabonyeza kutuma inakataa, anaanza kusema ameibiwa. Hajaibiwa, kwa kawaida Tron inataka TRX, BNB Smart Chain inataka BNB, Ethereum inataka ETH. Weka TRX kama 30 ao 40 mu waleti na uziache pale, usiziuze hata ukikosa unité za kupiga simu.

Maneno 12 sasa, na hapa naomba usome polepole. Yanatoka kwa orodha moja ya maneno 2048 ya Kingereza, la kwanza ni abandon na la mwisho ni zoo, na mpangilio una maana, la tatu likikaa pa la nne waleti haifunguki. Wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa kwa hiyo tunaogopa kukosea spelingi, lakini ile orodha ilipangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kutambua kila neno, ukiandika vizuri hizo nne umeokoka. Andika kwa biki ku karatasi. Usipige picha. Februari 2025 watu wa Kaspersky walitoa habari ya kirusi walichokiita SparkCat, kilikuwa mu aplikasio za Google Play na hata za App Store, kazi yake kusoma picha za mu telefone kikitafuta maneno kama haya. Trust Wallet inakupa pia nafasi ya kuyahifadhi ku Google Drive kwa neno la siri, mi siipendi kwa watu wa hapa, juu email za wengi zilifunguliwa na kijana wa butike siku telefone iliponunuliwa, na password mpaka leo anaijua yeye.

Halafu karatasi moja mu nyumba haitoshi, si hapa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto watu walikimbia usiku na batoto mgongoni, wengine upande wa Sake, wengine Gisenyi, na ku Buhene kuna wenye walirudi wakakuta lava pahali pa nyumba. Na tangu hapo tumekimbia kwa sababu zingine. Weka karatasi mbili mahali pawili mbalimbali kabisa, moja kwako, moja kwa mzazi ao dada unayemwamini mu mji mwingine, ndani ya bahasha iliyogundishwa na umweleze kwamba mwenye kuifungua ana pesa zako zote. Kuna wenye wanagawa 6 huku na 6 kule, siwashauri, bahasha moja ikiungua umebaki na nusu ya ufunguo ambayo haifungui kitu.

Wezi sasa. Kitu cha kwanza ni namna tunavyopeana aplikasio kwa Xender ili tusimalize mega. Kwa muziki sawa, kwa waleti hapana, juu apk, ile faili ya kuweka aplikasio, ikichezewa inafanana kabisa na ya kweli, tofauti ni kwamba maneno yako 12 yanaenda kwa mtu mwingine. Tumia mega zako, chukua Google Play, angalia jina la kampuni.

Kingine ni adresi za kufananisha. Umetuma pesa, baada ya muda unaona mu historia yako kapesa kadogo sana ao sifuri, kutoka adresi inayoanza na kuishia kama ya rafiki yako. Mwizi anangoja siku utakopi kutoka historia. Mei 2024 mtu mmoja alituma hivyo kripto ya karibu dola milioni 68 kwa adresi ya mwizi, yeye alikuwa na bahati sehemu kubwa ikarudishwa, wewe wa dola 200 nani atakurudishia? Omba adresi upya na usome hata herufi za katikati.

Na ile ya mtu anaandika ku Telegram «nina USDT mu waleti sijui kuzitoa, maneno yangu ni haya, nisaidie», na kweli ukiyaweka unaona USDT mingi. Hakuna TRX ya ada, unatuma TRX zako ili uzitoe, na hazitoki, juu ile waleti ya Tron imefungwa kwa ruhusa ya ufunguo mwingine alio nao mwizi. TRX zako zinafagiliwa. Vijana wengi wa hapa wanaliwa hivyo na wanaona haya kusema.

USDT bandia pia ipo, mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni na kuiita USDT. Ukiuza simu ao gari kwa kripto usiridhike na jina, fungua ile tokeni uangalie kontrakti, ile adresi ya tokeni yenyewe ku blokcheini, ya kweli ya Tron ni TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t.

Kwa upande wa kampuni siwezi kuwasifu kwa kila kitu. Desemba 2025 ile Trust Wallet ya kwenye Chrome, toleo 2.68, iliingiliwa na wezi na zaidi ya dola milioni 7 zikaenda, kampuni ikasema italipa walioumia. Ya mu telefone haikuguswa. Mi kwa hiyo sitaki ya kompyuta kabisa, na kompyuta ya cyber ndiyo usifikirie hata kidogo. Kununua kripto kwa karte ndani ya aplikasio ni ghali, achana nayo. Na ukiunganisha waleti ku site inayoomba ruhusa ya kugusa USDT zako bila kikomo, kataa, ao weka kiasi kile tu unachotaka kitumike.

Kwa pesa ya biashara ya wiki naipa Trust Wallet mkono wangu wote. Pesa ya nyumba, ya shamba, ya masomo ya batoto, hapana, ile inataka Ledger, kakifaa ka kushika ufunguo, ao kifaa kingine cha aina ile, kisichoingia ku intaneti.

Swali la mwisho mnaloniuliza sana ni telefone ikiibiwa. Usikimbilie kwanza kufunga laini. Tafuta telefone ingine ya mtu wa nyumbani, weka Trust Wallet, ingiza maneno yako 12, pesa zitaonekana. Lakini usiishie pale kama wengi wanavyofanya, juu mwizi bado ana telefone yenye ufunguo ule ule. Tengeneza waleti mpya yenye maneno mapya, uhamishe kila kitu siku ile ile, rezo moja baada ya ingine, na TRX uzihamishe mwisho, juu ndizo zinalipa ada ya kutoa USDT.