Mpango wa kudhaminiwa kufundisha Mukuru: mkufunzi safi, mkataba usome mara mbili

Nilimaliza shahada ya elimu 2023, nikapata namba ya TSC (tume inayosajili na kuajiri walimu wa serikali), kisha nikabaki nyumbani Umoja, Nairobi, nikifundisha watoto wa majirani jioni. Uanagenzi wa TSC uliponipita, nikaingia mpango huu: wanakuweka shule ya jamii mtaani, wanakulipia mafunzo ya mwaka mmoja na kukupa posho ya 18,000 kwa mwezi. Wanagenzi wa TSC wamekuwa wakipata 15,000 shule ya msingi na 20,000 JSS (sekondari ya chini), kwa hivyo si haba. Nikapewa Gredi ya 5, Mukuru kwa Njenga. Watoto 71.

Wiki tatu za semina ya kwanza zilikuwa projekta, chai na mandazi. Ningezifupisha ziwe siku nne.

Kitu cha maana ni mkufunzi wanayekutumia darasani. Siku ya kwanza alipindua ndoo nyuma ya darasa akaikalia, akachora madawati yangu kwenye karatasi. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo. Kila nilipomuuliza mtoto swali, aliweka alama penye dawati lake. Kengele ilipolia akanionyesha: alama 26, na 22 kati yake ziko kwenye safu mbili za mbele, upande wa dirisha.

"Mwalimu, hawa wa karibu na mlango walikuja shule leo?"

Nilinyamaza. Wikendi hiyo niliandika majina yote kwenye vijiti vya aiskrimu nikavitia ndani ya mkebe wa Kimbo. Sasa kijiti ndicho huchagua nani ajibu. Kuna msichana wa mlangoni, kimya tangu Januari, kumbe ndiye anayejua kugawanya kuliko wote. Chuo kikuu miaka minne hakuna aliyewahi kunihesabia maswali.

Shida ni kwamba anatakiwa kuja kila wiki mbili, na muhula wa pili wote nilimwona mara mbili tu. Amepewa walimu wengi mno, na shule zenyewe zimetapakaa hadi Dandora.

Halafu posho. Ya Februari iliingia Machi tarehe 11. Ukipiga simu ofisini unaambiwa iko kwenye mchakato, na mwenye nyumba wangu wa Pipeline hapokei mchakato, anapokea M-Pesa.

Na mkataba, jamani, usomeni hadi ukurasa wa mwisho. Baada ya mwaka wa mafunzo lazima ubaki shule hiyo hiyo mwaka mwingine. Ukitoka mapema unarudisha 120,000. Mwenzangu aliitwa na TSC, ajira ya kudumu, karibu na kwao Bomet. Aliipokea barua asubuhi, jioni alikuwa anazunguka kukopa kwa wajomba. Hapo ndipo wananikera, kwa sababu hakuna mwalimu Kenya anayeweza kukataa TSC na wao wanalijua hilo.

Nyota tatu kwa tano. Ya nne nitaiongeza posho ya Agosti ikiingia.