Miaka mitatu na gari la silinda tatu Mombasa: uzoefu wangu

Wiki ya kwanza baada ya kulinunua, nilimchukua mama mkwe kutoka Kisauni kumpeleka hospitali mjini. Tulipokwama kwenye foleni ya daraja la Nyali, eisi ikiwa imewashwa, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo kidogo, kisha akaniuliza: "Baba Salma, mbona gari latetemeka kama lina homa?" Sikuwa na jibu. Nami nilikuwa nimeshalihisi kwenye usukani tangu siku ya kulijaribu, nikajiambia ni mawazo yangu tu.

Ni gari dogo la Kijapani la milango mitano, injini ya petroli ya sisi 996 (sisi ni kipimo cha ukubwa wa injini, sisi 1000 ni lita moja), silinda tatu, yaani matundu matatu ambamo petroli huwaka na kusukuma pistoni, zilizopangwa mstari mmoja, gia za otomatiki. Naandika haya kwa sababu kila ninapoliegesha hapatakosa mtu wa kuniuliza kama silinda tatu si nusu ya injini, na kwa sababu nilipoteza pesa kwa kutojua nilichonunua.

Pesa zenyewe zilikwenda hivi. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi zote tatu. Mtetemo ukabaki. Nikarudi, wakabadilisha koili moja. Ukabaki. Mara ya tatu wakaosha njia ya hewa, wakanihakikishia kwamba sasa limepona, na kabla sijafika Buxton usukani ulikuwa unanicheza mkononi vilevile. Lililoniuma ni kwamba katika mara zote hizo hakuna aliyeinama kuitazama injini ikiwa inafanya kazi.

Aliyeinama ni mzee mmoja wa Changamwe, fundi wa malori. Aliniambia niwashe, nitie gia ya D, nikanyage breki kisawasawa. Akamulika tochi pembeni mwa injini, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye mauntingi, zile raba zinazoibeba injini, na bisibisi ikapenya mpaka katikati. Raba ilikuwa imeachana na chuma chake. "Hii imekufa zamani," akasema. "Lakini kijana wangu, hata tukitia mpya, usitaraji likae kimya kama la silinda nne. Mtetemo huu ni wa kuzaliwa, raba kazi yake ni kuuficha."

Mzee huyo amekulia Likoni, babake mvuvi, na alinifafanulia kwa mashua. Chukua watu watatu, mmoja omo, yaani mbele, mmoja katikati, mmoja tezi, yaani nyuma, nao wanainuka na kuketi kwa zamu zilizopishana sawasawa. Mashua haitapanda wala kuzama, kwa kuwa anapoinuka mmoja wengine wanamfidia. Lakini omo ikishuka tezi inapanda, tezi ikishuka omo inapanda, bila kukoma. Pistoni tatu ndivyo zinavyofanya. Zimepishana kwa nyuzi 120 kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nguvu zao za juu na chini zinafutana, ila kichwa na mkia wa injini vinapokezana kuyumba.

Kuna na jambo la pili nililolielewa baadaye, nalo ni la mapigo. Katika injini za magari yetu kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Gari likisimama kwenye foleni kwa mizunguko 800 kwa dakika, silinda tatu zinapiga mara 20 kwa sekunde, nne zinapiga karibu mara 27, na sita mara 40. Mapigo 20 ni mazito, mwili unayahisi moja moja kwenye kiti. Yakifika 40 yanakuwa mvumo tu. Ukiwasha eisi kwenye joto la Machi hapa kwetu, kompresa inaibebesha injini mzigo mwingine hapo hapo iliposimama, na hapo ndipo homa ya mama mkwe inapopanda.

Sasa kwa nini kampuni itengeneze kitu ambacho inajua kitayumba? Hili ndilo lililonifanya nilipende gari langu, kwa hiyo nivumilieni.

Sisi 996 ukizigawa kwa tatu, kila silinda inapata 332. Ukizigawa kwa nne, kila moja inapata 249. Silinda ikiwa ndogo mno, ukuta wake unakuwa mkubwa ukilinganisha na kilichomo ndani, na joto linalotakiwa kuisukuma pistoni linapotelea ukutani na kuingia kwenye maji ya redieta. Ndiyo sababu injini nyingi za magari ya kawaida huwa na kati ya sisi 300 na 500 hivi kwa kila silinda, na idadi ya silinda hufuata ukubwa wa injini. Halafu silinda tatu ni pistoni tatu, plagi tatu, valvu 12 badala ya 16, na vyuma vichache vya kusuguana. Injini inakuwa fupi pia. Tangu mbunifu wa magari Alec Issigonis alipoilaza injini kukingama ndani ya kile kigari cha Mini mwaka 1959, magari madogo mengi yamefuata mpango huo, na upana wa boneti ndio unaoamua injini na gia vitaingiaje. Kila sentimita iliyopungua pale inawafaa abiria.

Kodi nayo imo. Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupangwa kwa ngazi za ukubwa wa injini, na ngazi ya chini kwa magari ya kawaida huishia kwenye lita moja. Ndipo 996 inapopata maana yake! Vile vigari vidogo kabisa vya huko, kei, vina mpaka wa sisi 660 tangu mwaka 1990, na karibu vyote vya siku hizi vina silinda tatu.

Matokeo nayaona pampuni. Mjini, foleni za Kongowea na Mwembe Tayari zikiwemo, napata kilomita 15 kwa lita. Nikienda Malindi asubuhi mapema napata 19. Kwa kazi zangu hakuna gari lingine nililowahi kumiliki lililonipa hivyo.

Shemeji yangu wa Tudor ana Toyota Mark II ya zamani, sisi 1988, silinda sita mstari mmoja. Jioni moja tulinunua kahawa tungu kwa muuzaji anayepita mtaani kwao, akakiweka kikombe chake juu ya injini ikiwa inanguruma, akakiachia. Kahawa ilichora duara moja jembamba katikati, basi. Tukakihamishia kwenye yangu, na raba ni mpya kabisa. Kikombe kilianza kutembea, kikasogea taratibu mpaka ukingoni, nikakidaka kabla hakijaanguka. Nilikubali papo hapo. Silinda sita mstari mmoja ni kama mashua mbili za watu watatu zilizofungwa tezi kwa tezi: ya mbele ikiinama, ya nyuma inainama upande wa pili, na kila kitu kinafutika. Hakuna mpangilio wa kawaida uliotulia kuuzidi.

Lakini ni injini ndefu, na urefu huo ndio uliowachosha watengenezaji. Mark X iliyoirithi Mark II mwaka 2004 ilikuja na V6: tatu upande huu, tatu upande ule, kwa urefu unaokaribia wa silinda tatu. Injini ya namna hiyo inaweza kulala kukingama kwenye gari moja na kusimama kwa urefu kwenye jingine. Gharama yake ni vichwa viwili vya silinda badala ya kimoja, na utulivu wa kuzaliwa hauko tena. Mercedes nao waliacha sita za mstari mmoja miaka ya tisini wakaingia V6, kisha mwaka 2017 wakarudi kwenye mstari mmoja, kwa sababu pampu na kompresa zikiendeshwa kwa umeme, mikanda ya mbele inaondoka na injini inafupika.

Malori ya makontena yanayotoka Kilindini mengi hayajauacha mpangilio huo. Mzee wa Changamwe alinionyesha mojawapo: kichwa cha lori kimeinamishwa, injini ya dizeli imekaa wima peke yake kama sanduku refu, unaifikia kwa mikono miwili kila upande. Nafasi ipo ya kutosha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikunja.

Silinda nne zimekaa katikati. Kwenye krenki ya kawaida mbili zinapanda, mbili zinashuka, mashua haipepesuki. Ila pistoni hukimbia zaidi nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini, kwa sababu ya namna konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, inavyoegama, hivyo kunabaki kimtetemo chepesi mara mbili ya kasi ya krenki. Kwa injini ya sisi 1500 huwezi kukijali. Zikizidi lita mbili wengi hutia mihimili ya kusawazisha, fikra ya Mwingereza Frederick Lanchester. Subaru walichukua njia yao tangu mwaka 1966: silinda zimelala, pistoni zinatazamana na kurushiana ngumi, uzito uko chini na gari linashika kona vizuri. Jirani yangu hataki kusikia gari lingine. Mimi nikifikiria plagi zilizobanana na mbavu za gari, nashukuru za kwangu ziko juu, nazitoa mwenyewe kwa robo saa.

Na kwa wanaohesabu silinda kama vyeo: hapa kwetu "V8" ni jina la heshima kuliko jina la injini, lakini Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 ilikuja bila V8. Ile ya dizeli ilitoka kwenye silinda nane za lita 4.5 ikaingia sita za lita 3.3 zenye tabo mbili, vile vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi, na nguvu ikaongezeka kutoka farasi 272 hadi 309.

Kasoro ya gari langu sitaificha. Desemba iliyopita tulikwenda Wundanyi watu watano na mizigo, eisi imefunguliwa. Mlima wa Miritini kwenda Mazeras ulitupunguza tukawa nyuma ya malori. Kutoka Mwatate kupanda Taita, kwenye zile kona, injini ilipiga kelele muda wote na mwendo haukuja. Nilizima eisi, watoto wakafungua madirisha, tukapanda hivyo mpaka juu. Hatukuchemsha, sindano ya joto haikusogea, lakini sikufurahia hata kona moja. Nguvu zake ziko juu sana kwenye mizunguko, na lita moja bila tabo haiwezi kubeba familia mlimani kwa raha.

Kwa hiyo kama unakaa kisiwani, Nyali, Bamburi au Mtwapa, na safari zako ni za kazini, sokoni na shuleni, lichukue bila wasiwasi. Kabla ya kulipa tia gia ya D, kanyaga breki, fungua boneti na mwambie mwenzako atazame injini inavyocheza. Ikiruka sana, hesabu raba kwenye bei. Kama kwenu ni bara na mnaosafiri ni wengi, tafuta silinda nne za sisi 1500.

Desemba hii tunakwenda Wundanyi tena. Nimeshazungumza na shemeji, tunabadilishana magari kwa siku nne, naye ameomba jambo moja tu: nimwachie langu tangi likiwa limejaa.