Albamu ya MC Hammer ya 1990: isikilize ukiwa umesimama

Please Hammer Don't Hurt 'Em inatukanwa sana na watu ambao hawajawahi kuisikiliza yote, wanajua wimbo mmoja tu na ile suruali pana, halafu wanakwambia Hammer hajui kuchana, mjadala umefungwa. Mi kauli hiyo imenichosha. Kwa hiyo Jumapili nimeitoa sabufa uwani kwetu hapa Magomeni nikaiweka albamu nzima, nyimbo 13, karibu saa nzima, sijaruka hata mmoja, na walikuwepo watu wa kila rika, bro wangu, shemeji, mdogo wetu wa mwisho, mzee mpangaji mwenzetu na majirani wawili watatu waliofuata mziki, kila mtu nikamuuliza anaonaje. Haya ninayoandika ni ya kwangu pamoja na ya kwao.

Kwanza tuwekane sawa. Albamu ilitoka Februari 1990 chini ya Capitol, mwenyewe anaitwa Stanley Kirk Burrell, mtoto wa Oakland, California. Ilikaa namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard wiki 21 na ndiyo albamu ya kwanza ya hip hop kupewa daimondi Marekani, yaani nakala milioni 10. Halafu ikawa ya kwanza ya rap kuingia kwenye kinyang'anyiro cha albamu bora ya mwaka pale Grammy. Milioni 10 hazinunuliwi kwa bahati mbaya jamani, kuna kitu watu walikisikia mle ndani.

Na cha kujua kabla hujabonyeza plei, huyu jamaa alianza kucheza mziki kabla hajaanza kuchana. Alipokuwa dogo alikuwa anacheza mziki nje ya uwanja wa timu ya besiboli ya Oakland mpaka mwenye timu akamuona akampa kazi, na jina la Hammer alipewa na wachezaji kwa sababu walimfananisha na Hank Aaron, mchezaji nyota wa besiboli aliyekuwa akiitwa hivyo. Baadaye akaenda jeshi la wanamaji, akarudi, akakopa hela kwa wachezaji wa timu hiyohiyo akafungua lebo yake na akawa anauza santuri kwenye buti la gari. Ukishajua hivyo albamu unaisikia tofauti, unajua kabisa kwamba mtu aliyetengeneza hizi biti alikuwa anafikiria miguu itafanya nini.

Sasa hapa Dar ilituingiaje. Enzi hizo bara hatuna televisheni, ITV ilikuja 1994, na redio ni RTD ya taifa peke yake, kwa hiyo mziki wa kufokafoka, yaani rap, ulikuwa unapita kwenye kanda za kurekodiana, kwenye vibanda vya video na kwenye disko toto za sikukuu. Kanda inarekodiwa kutoka kanda nyingine iliyorekodiwa kutoka nyingine mpaka sauti imekuwa ya mafua lakini besi ya U Can't Touch This inapita vilevile. Kingereza cha kwenye mistari wengi hatukukishika na wala hakikutusumbua. Bro anasema yeye Hammer kamjua kwa kumuona, sio kumsikia, yaani kwenye video ile miguu inateleza upande upande kama hakuna sakafu, na kesho yake mtaa mzima wako barazani wanajaribu. Mafundi cherehani walishona mabwanga, zile suruali pana, mpaka basi, na ukienda disko toto bila bwanga unaonekana mshamba.

Ndiyo maana nasema sisi tuliipokea hii albamu inavyotakiwa kupokewa, kwa mwili.

Twende kwenye nyimbo. Here Comes the Hammer inafungua na ni ya kujitangaza tu, ina nguvu, poa. Halafu inakuja U Can't Touch This na hapa sina la kuficha, uwani palibadilika. Mama mmoja jirani alikuwa anachambua mchele, ameweka ungo pembeni kasimama. Ule mdundo ni wa Rick James, Super Freak ya 1981, Hammer kauchukua kauzungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho, Rick James akaenda mahakamani na mwisho wa siku akaandikwa kama mtunzi mwenza, na Grammy ya wimbo bora wa R&B mwaka 1991 wakagawana. Watu wanasema kaiba. Mi naona alichofanya ni kujua sehemu gani ya wimbo ule ndiyo inamnyanyua mtu kwenye kiti, akaikata ile sehemu na kuturudishia hiyohiyo bila kutupotezea muda. Na pale mdundo unapokatika, ule ukimya kidogo kabla hajautaja muda wake, ile Hammer time, ndo pale dansa anapata nafasi ya kuonyesha. Sikiliza vizuri, ameliacha lile tundu makusudi.

Have You Seen Her nilitegemea watu watakaa, wakakaa kweli, ila ndo wimbo uliozungumzwa kuliko wote. Ni ya Chi-Lites ya 1971, na mzee wetu mpangaji kabla Hammer hajafungua mdomo ameshataja kundi. Huyu mzee ni kijana wa Dar ya mwisho wa miaka ya sitini, anaikumbuka soul ilivyopigwa marufuku hapa mjini 1969, serikali ya mkoa inasema inaharibu vijana, na vijana wanaendelea kuzitafuta hizo sahani kimyakimya. Basi yeye albamu yote kaisikiliza kama mtu anayesalimiana na watu wake wa zamani, Help the Children ilipoanza akasema huyu Marvin Gaye, na ni kweli, ni Mercy Mercy Me ile ya 1971, Dancin' Machine akasema hawa Jackson 5. Nikamuuliza mzee haikuudhi kuona kijana anachukua nyimbo zenu anaongea juu yake? Akasema hapana, kilichomuudhi ni pale ziliponyamaza miaka yote ile hamna anayezipiga. Maoni hayo nimeyaweka moyoni maana wachambuzi wengi kwenye hili la kusampo, yaani kuchukua kipande cha wimbo wa mwenzako, wanakuja na hasira ambayo wenye umri wa nyimbo zenyewe hawana.

Pray ndiyo naipenda mimi kuliko zote na nitaitetea popote. Chini kuna When Doves Cry ya Prince, na Prince hakuwa mtu wa kuachia mziki wake kirahisi. Juu yake Hammer kaweka kwaya inarudia neno la kusali mara nyingi mpaka linakuwa sehemu ya ngoma. Shemeji yangu ni mlokole, mziki wa kidunia hausikilizi, alikuwa jikoni muda wote huo na Pray ilipoingia katoka mlangoni na mwiko wake akasema hii mbona ni pambio. Ni pambio kweli. Ina kila kitu cha pambio, maneno machache, kurudia, makofi, na mtu mmoja mbele anawachochea wenzake. Anayeisikiliza hii akitafuta mistari ya kina anakosea anachokitafuta, huwezi kwenda kwenye mkesha ukaanza kulalamika kwamba kiitikio kimejirudia.

Na hapa ndo tunafika kwenye lile la hajui kuchana, bro wangu kalishikilia kuanzia asubuhi. Bro ni mtu wa hip hop ngumu, kalelewa na Kwanza Unit na Mr. II, kwake rapa ni mtu anayetema mistari unakaa unaifikiria wiki nzima. Anasema Hammer anapiga kelele tu, vina vyepesi, hadithi hakuna, na hata marapa wenzake Marekani walimsema, LL Cool J alimchana, A Tribe Called Quest walimpiga kijembe. Yote ni kweli, sikatai. Kwenye mistari Hammer ni wa kawaida na akijaribu kusimulia kama kwenye Crime Story unaona kabisa hapo sio kwake, anasimulia habari za mtaani na sauti ileile ya kuwaambia watu wanyooshe mikono.

Lakini bro huyohuyo ni mpenzi wa dansi, miaka ya Twanga Pepeta alikuwa hakosi ukumbini, na anawajua marapa wa bendi, wale wanaoingia sebene likishachanganya, wanataja majina, wanawaamsha wanenguaji, wanarusha neno moja ukumbi mzima unaitikia. Yupo mtu aliyewahi kumuuliza rapa wa bendi kwa nini mistari yako haina falsafa? Anapimwa kwa kitu kimoja, ukumbi umesimama au umekaa. Nikamwambia bro mpime Hammer hivyohivyo, na mkumbuke kwamba stejini alikuwa anaenda na kijiji cha madansa, yeye katikati anacheza kuliko wao huku anachana bila kuhema. Bro kanyamaza kidogo kasema sawa, kama rapa wa bendi namkubali, ila usimuweke kwenye meza moja na Rakim, fundi wa mistari. Hakuna aliyetaka kumuweka huko bro.

Mdogo wetu, huyu wa 2000 na kitu, yeye alikuwa hamjui kabisa Hammer zaidi ya vipande vya kwenye simu. Kaangalia video ya U Can't Touch This akasema mbona hii ni shoo ya Diamond Platnumz, suti, madansa nyuma, kila mtu anajua hatua yake. Anaona kawaida kabisa, wala hajashangaa msanii kucheza. Kwa kizazi chake mwimbaji asiyecheza ndo anahitaji maelezo. Hapo nikaona Hammer ameshinda ule ubishi zamani sana, hamna aliyetangaza tu.

Kuna kingine ambacho wagumu wanasahau. Mlango wa rap ya Kiswahili nchi hii haukufunguliwa na hip hop ngumu, ulifunguliwa na hii rap laini inayochekwa. Mwaka 1991 Saleh J alishinda shindano la Yo Rap Bonanza, na wimbo uliomtambulisha ni Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, yule aliyempokea Hammer namba moja kwenye chati ya albamu mwishoni mwa 1990, Saleh J akaupa mistari ya Kiswahili na watu wakaona kumbe lugha yetu inakaa kwenye hizi biti. Baada ya hapo ndo wakaja wengine na mambo mazito. Mtu anayewapenda Kwanza Unit halafu anaitukana pop-rap ya 1990 anaitukana barabara aliyopita kuja mjini.

Ubaya upo na nausema. Albamu ni ndefu. Ukitoa Dancin' Machine na Pray, nyimbo za katikati na mwisho zinafanana fanana, On Your Face inapita bila kuacha alama, Let's Go Deeper majirani walianza kuongea habari za maji kukatika. She's Soft and Wet ni Prince tena, ya 1978, na safari hii Hammer hajaongeza kitu, ni bora urudi kwa Prince mwenyewe. Black Is Black nia yake nzuri, ila utengenezaji umekuwa mwembamba. Help the Children ujumbe wake umenigusa na mzee pia umemgusa, ila Marvin anambeba mno. Ingekuwa na nyimbo 8 tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kwenye utengenezaji nampa sifa Felton Pilate, huyu ni mtu wa Con Funk Shun, bendi ya funk kabisa, kwa hiyo hata pale mdundo ni wa mashine kuna mkono wa mtu aliyezoea kupiga na bendi. Besi imekaa mahali pake, kinanda kinaingia kwa adabu, na sauti za kuitikia zimepangwa vizuri kuliko zinavyosifiwa. Hili ukisikiliza kwenye spika ya simu hulipati, simu inakupa ile sauti ya juu tu ya chekeche, ndo maana wengi wanasema mziki wa kizamani hauna uzito. Weka kwenye sabufa, au kama una mtu mwenye redio ya zamani ya deki mbili muazime, utanielewa.

Na habari za kufilisika kwake 1996 naomba watu waache kuzileta kila albamu hii inapotajwa kama vile ndo hukumu ya mziki. Alifilisika kwa sababu alikuwa na watu wengi kwenye malipo na matumizi makubwa, besi ya wimbo wa pili haikuhusika.

Alama: bro katoa 6 kwa 10, mzee 9, shemeji anaitambua Pray tu, mdogo wetu kasema 7 na kashaikata vipande kwa ajili ya simu yake. Mi natoa 8. Kama bando lako dogo usipakue zote, chukua U Can't Touch This, Pray, Have You Seen Her, Dancin' Machine na Here Comes the Hammer, uzipange kwa kuanza na hiyo ya mwisho, Have You Seen Her uiweke ya nne watu wapumzike wanywe maji, halafu Pray ndo ya kufungia, na uipige yote usiikate katikati maana kwaya inazidi kunoga kadiri inavyoenda. Ukiwa na kitchen party au kipaimara wiki hii mpe di-jei orodha hiyo mapema, saa mbili usiku wakubwa wakishakula.