Gemu za RPG za Kijapani kwa bei ya chini: ipi inafaa pesa yako

Gemu kubwa ya RPG (ya kuongoza wahusika wanaozidi kupata nguvu safarini) ya mtindo wa Kijapani ikitoka leo huuzwa dola 60 hadi 70. Chini yake kuna soko jingine la dola 2 hadi 15: mapigano ya zamu, wahusika wa dotidoti kama wa miaka ya 1990, na ahadi ya saa 20 za kucheza. Wanaozipenda wana sababu. Aina hii husimama juu ya hesabu na menyu kuliko picha, kwa hiyo mtu mmoja au timu ndogo huweza kuitengeneza vizuri bila mtaji mkubwa. Haidai vidole vyepesi, nyingi huchezwa bila intaneti zikishapakuliwa, na simu ya kawaida inazibeba.

Bajeti inapobana, utaiona imebana wapi: mapango yaliyonakiliwa, maadui wale wale waliobadilishwa rangi, mazungumzo marefu yasiyo na jambo, na mapigano yasiyohitaji akili. Matatu ya kwanza yanavumilika. La nne halivumiliki, maana sehemu kubwa ya muda wako itaishia vitani. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa swali moja: baada ya saa tano, bado unafikiri kabla ya kubonyeza? Wingi wa saa tumeupuuza, kwa kuwa kurefusha gemu ni kazi rahisi mno. Mwongezee bosi (adui mkuu wa eneo) damu, punguza pesa zinazoangushwa na maadui, na saa 10 zimekuwa 20. Zote hapa chini zinachezwa kwa Kiingereza.

1. Crystal Project (kompyuta, chini ya dola 15)

Ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi hapa, na bado inaongoza. Ilitoka 2022, na nguvu yake ni fani za wapiganaji: unazipata kwa kutafuta fuwele duniani, kisha kila mhusika anabeba fani kuu na ya pili, na unachanganya upendavyo. Vitani unaoneshwa nani anafuata, adui anapanga kumpiga nani na kwa kiasi gani. Ukifa, ni kwa sababu ulipanga vibaya. Maadui wanaonekana uwanjani na unaweza kuwakwepa.

Kasoro zake si ndogo. Hadithi karibu haipo. Kuna kurukaruka kwingi kwenye majabali, na pembe ya kamera hukudanganya kuhusu umbali. Anayetaka kuongozwa kwa mkono atapotea mapema na kukata tamaa.

2. Cthulhu Saves the World (kompyuta, takriban dola 3)

Studio ya Zeboyd Games ni ya Marekani, lakini walielewa vizuri kinachochosha katika RPG za Kijapani wakakirekebisha. Kila eneo lina idadi maalum ya mapigano ya kushtukiza. Yakiisha yameisha, na ukitaka zaidi unayaitisha mwenyewe kwenye menyu. Damu inajaa baada ya kila pigano. Adui naye anazidi kuwa mkali kila raundi, kwa hiyo mbinu ya kujilinda na kujitibu taratibu inakuua. Ukipanda levo unachagua moja kati ya njia mbili. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, imeuzwa tangu 2011 pamoja na dada yake, Breath of Death VII, gemu mbili kwa bei ya soda chache.

Mapango mengine ni makubwa kuliko yalivyo na vitu vya kuokota, na vichekesho vingi vinamlenga mtu aliyezicheza gemu za zamani. Usipovielewa, mapigano yatakubeba.

3. Helen's Mysterious Castle (kompyuta, takriban dola 2)

Iliyotengenezwa Japani, ni fupi, na kwa picha pekee ungeipita. Usiipite. Unapigana na adui mmoja mmoja, na kila silaha ina muda wake wa kusubiri, nguvu yake na kinga yake. Upanga mzito unachelewa. Ngao inawahi lakini haiumizi. Unaona adui amechagua nini na atafika lini, na wewe unapanga: nimuwahi, au nipokee pigo nikiwa nimeshika kitu chenye kinga? Alama unazopata vitani unazitumia kuboresha silaha. Ukizitawanya kwenye kila kitu, bosi wa katikati atakukwamisha. Chagua silaha tatu au nne uziendeleze hizo. Hakuna gemu nyingine ya bei hii yenye wazo safi namna hii.

4. Dragon Quest ya kwanza (simu, takriban dola 3)

Kama una simu tu, anzia hapa. Ni ile ya 1986 iliyoweka msingi wa aina nzima, sasa ikiwa wima, inachezwa kwa kidole gumba kimoja kwenye daladala au matatu. Shujaa mmoja, adui mmoja, uchawi wa aina chache. Ukweli usemwe: kupanda levo ndiyo gemu yenyewe. Utazunguka karibu na mji ukipiga vibwengo mpaka upate pesa ya upanga, kisha mji unaofuata tena. Inapita kwa sababu haijivuni wala hairefushwi kwa maneno. Kwa swali letu la saa tano ingeshika mkia. Bei, ufupi na historia vimeipandisha.

5. Epic Battle Fantasy 3 (kompyuta, bure)

Kazi ya Matt Roszak, na iko Steam bila malipo. Vifaa vingi, udhaifu wa elementi (kama moto au barafu) kwa kila adui, na unalazimika kubadilisha silaha kati ya pigano na pigano. Utani wake ni wa kitoto na michoro ya wanawake inaweza kukukera. Kama hujui hata kama unaipenda aina hii, jaribu hapa kabla ya kutoa shilingi.

6. Dragon Sinker (simu na konsoli)

Hapa tumeingia kwa Kemco, kampuni ya Japani inayotoa RPG za aina hii kila mwaka, nyingi zikitengenezwa na studio ya Exe Create. Dragon Sinker ndiyo tunayoipendekeza: timu tatu za watu wanne, ya binadamu, ya elf (viumbe wa hadithi wenye masikio marefu) na ya vibete, unazipokezanisha katikati ya vita, na muziki wa Ryuji Sasai. Nyingine, kama Asdivine Hearts na Revenant Saga, huwa na mwanzo mzuri kisha zinalegea.

Sababu ni hii: ugumu wa kawaida umepangwa kwa mtu anayebonyeza kitufe cha kupigana kiotomatiki. Fungua mipangilio siku ya kwanza, pandisha ugumu, zima otomatiki, na gemu inakuwa nyingine kabisa. Kwenye simu huwa kuna toleo la bure lenye matangazo na la kulipia lisilo nayo. Hata ukilipia utakuta duka la mawe ya ndani ya gemu yanayouzwa kwa pesa halisi. Liache, gemu inaisha bila kununua chochote humo. Na usinunue gemu hizi kwa bei kamili ya konsoli, ambayo mara nyingi ni dola 15 hivi, karibu shilingi 2,000 za Kenya. Zinashushwa bei mara kwa mara, na kwenye simu huwa nafuu tangu mwanzo.

Za kuachwa

Vifurushi vya gemu kumi za RPG Maker, programu ya kujitengenezea RPG, kwa dola moja. RPG Maker yenyewe haina kosa, na kazi nzuri zimetoka humo. Tatizo ni watu wanaotumia michoro na muziki uleule uliokuja na programu bila kugusa kitu. Angalia picha za dukani: kama nyuso za wahusika, vigae vya nyumba na fremu za menyu ni vilevile katika gemu tatu za wauzaji tofauti, pita.

Kabla na baada ya kulipa

Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Google Play ina dirisha la saa 48. Tumia muda huo hivi: ruka mazungumzo, fika kwa bosi wa kwanza, mpige kwa shambulio la kawaida tu. Akifa bila kukutisha, omba pesa yako. Angalia pia kama mapigano ya kushtukiza yanaweza kupunguzwa kwenye mipangilio. Steam huonesha bei kwa dola hapa Kenya na Tanzania, kwa hiyo kadi yako itaongeza gharama ya kubadilisha fedha.

Kwenye simu, soma tarehe ya sasisho la mwisho. Gemu kongwe iliyoandikwa kwa biti 32 pekee haitawekwa kabisa kwenye simu mpya zinazokubali biti 64 tu, kama Pixel 7.

Kwenye gemu zilizotengenezwa kwa toleo la RPG Maker liitwalo VX Ace, kitufe cha F12 huanzisha gemu upya, na hichohicho ndicho Steam hutumia kupiga picha ya skrini. Kibadilishe kwenye mipangilio ya Steam kabla hujapoteza saa nzima ya safari. Kwenye zile za toleo la MV, F5 ndiyo ya kuogopa kwa sababu hiyohiyo, na F4 ndiyo ya skrini nzima. Faili zako za kusevu za MV mara nyingi hukaa ndani ya folda ya gemu, kwenye www/save. Nakili folda hiyo kwenye flashi kabla ya kufuta gemu au kupiga upya Windows.